Jina la Mama Kwenye Daftari la Kisomo

Kwenye mazishi ya mama yangu nilicheka, na heri niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Ilikuwa wakati wa kusoma wasifu wa marehemu. Jeneza lilikuwa mbele yetu uani pale Kasingirima, Ujiji, limefunikwa kitambaa cheupe alichokitarizi kwa mkono wake. Mwanangu wa kwanza alipewa kazi ya kusoma kwa sababu ana sauti inayofika nyuma bila kipaza. Alisoma vizuri mpaka akafika mahali paliposema kwamba marehemu Feza Mulonda, katika ule mwaka wa kampeni ya kisomo cha watu wazima, aliongoza mtihani wa kusoma na kuandika katika kata nzima. Watu waliguna kwa heshima. Mwanangu alikuwa amekuta cheti ndani ya sanduku la bati la bibi yake, akakiamini, na mimi nilikuwa nimeshughulika mno na wageni na sufuria hata sikuomba nisomewe ile karatasi kwanza. Niliinua macho. Upande wa wanaume alikaa mzee mwembamba, kofia ameiweka gotini, fimbo kati ya miguu, naye alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa Mwalimu Bukuru, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Mdomo wake ulianza kucheza kwenye pembe, nami nikajifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Jirani yangu alinikumbatia akaniambia nilie tu, nisijizuie.

Mtihani ule niliufanya mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, labda kumi na miwili, kwa sababu karatasi za kuzaliwa zilibaki ng'ambo ya ziwa pamoja na vitu vingine. Kwa nini tulivuka, na baba alipotelea wapi, ni habari nilizozisimulia mara nyingi hadi zikanichosha, na mwaka ninaoukumbuka sasa hauzihitaji. Inatosha kujua kwamba mimi na mama tulikuwa wageni Ujiji, tumeshakaa miaka miwili katika chumba kimoja cha nyumba ya Bi Tausi, na kwamba tulikuwa maskini wa kutosha kuwa na sahani mbili na kutosheka nazo. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku lile la bati, na dirisha la mbao lililotazama ziwani. Kiangazi, hewa ilipokuwa safi, milima ya Kongo ilionekana dirishani waziwazi, na mama alikuwa akilifunga. Alisema jua linamuumiza macho. Harufu ya dagaa ilikuwa kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye mkate tulioletewa Krismasi. Hata leo nikipita pahali panapoanikwa dagaa, watu wengine huziba pua, mimi nasikia njaa.

Kazi ya mama ilikuwa kuanika. Wavuvi waliporudi asubuhi, wanawake walipokea dagaa wabichi, wakawatandaza mchangani, wakawageuza, wakawalinda na kunguru, na alasiri wakawaanua kabla upepo wa jioni haujaleta unyevu. Mama aliwaanikia watu wenye mali na kulipwa kwa fungu la dagaa hao hao. Tulikula nusu kwa mawese na ugali wa muhogo, nusu nyingine tukabadilishana na majani ya kisamvu, ambayo yeye aliyaita sombe mpaka siku ya kufa kwake. Sijawahi kula chakula kilichonishinda kile utamu, na nimekula kwenye hoteli zenye vitambaa mezani. Mama alikuwa akimega tonge, analichovya kwenye mawese, kisha ananisukumia upande wangu vichwa vya dagaa kwa sababu nilivipenda. Miaka thelathini baadaye ndipo aliponiambia kwamba na yeye alivipenda.

Nilichotaka mwaka ule kilikuwa kimoja: shule. Kila asubuhi watoto wa jirani walipita na sare zao na mifagio yao ya kufagilia kiwanja, nami nilikuwa natamani hata huo ufagio. Mama alikuwa amenipeleka mwanzoni mwa mwaka, na hapo ndipo tulipofanya kosa letu la kwanza. Alisikia kisimani kwamba mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupimwa kwa mkono: anaupitisha juu ya kichwa, na akigusa sikio la upande wa pili, amefikia umri wa kuandikishwa. Basi mama akanifanyisha mazoezi wiki nzima. Tulisimama katikati ya chumba, yeye akinivuta kiwiko kwa upole, mimi nikinyoosha. Siku ilipofika nilisimama mbele ya mwalimu mkuu, nikapitisha mkono juu ya kichwa, nikalipita sikio, nikashika taya, na kwa kutaka kumfurahisha nikajikuna na kidevu. Mama alimtazama mwalimu kwa fahari. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alieleza taratibu kwamba kipimo kile ni cha kujua kama mtoto amefika, na huyu alifika zamani akapita. Darasa la kwanza halingenipokea, na la tatu lilitaka mtoto anayejua kusoma. Tulirudi nyumbani kwa njia ya ufukweni. Karibu na nyumba mama alisimama akasema, kwa sauti ya mtu anayejilaumu, kwamba heri tungefanya mazoezi siku mbili tu.

Ulikuwa mwaka ambao nchi nzima ilikuwa darasani. Wazee wenye mvi walikuwa wanabeba madaftari, na redio ya Bi Tausi ilihimiza kisomo kabla ya habari na baada ya habari. Bi Tausi mwenyewe alikuwa mwenye nyumba wetu na pia balozi wetu wa nyumba kumi, mjane mnene mwenye sauti kavu, na alilichukua jambo lile kama deni la heshima yake: katika nyumba zake kumi asionekane mtu mzima asiyejua kuandika jina lake. Jioni moja, wakati mama anasonga ugali, tulimsikia kupitia ukutani akiongea na mgeni. Alisema majina ya wasiohudhuria yatakwenda ofisini. Akataja la kwanza, la pili, kisha tukasikia, "Na huyu Mkongo wangu, Feza." Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Kwa Bi Tausi ofisi ilikuwa mahali pa kupeleka malalamiko na kunywa chai, lakini sisi tuliishi Ujiji kwa barua aliyotuandikia yeye, na kwa mama neno ofisi lilimaanisha boti ya kurudi. Mgeni akauliza mbona anawahurumia watu wa ng'ambo hata kuwapa chumba. Bi Tausi akacheka, akasema hapa Ujiji kila mtu babu yake alivuka, tofauti ni nani alitangulia kupata kiwanja. Sisi hatukucheka. Tulikula ule ugali ukiwa na madonge.

Tatizo lilikuwa saa. Darasa lilianza saa tisa alasiri, katika banda la kuhifadhia nyavu, na saa tisa ndiyo saa ya kuanua. Mama asingeweza kuacha dagaa wa watu mchangani akaenda kusoma habari za dagaa. Kesho yake alinivisha khanga yake moja kiunoni na nyingine kichwani, akaniambia nikae nyuma, nikisikia jina lake niitikie, basi. Mwalimu Bukuru alikuwa kijana mwenye baiskeli aliyekuja kila siku kutoka Mwandiga, vumbi jekundu limemfika magotini. Alifungua daftari la mahudhurio, akaita majina, na alipofika kwa Feza Mulonda nikajibu, "Nipo, mwalimu." Banda zima lilitazama nyuma. Wanawake wa Ujiji hawana aibu ya kucheka, na siku ile walicheka mpaka mmoja akashika nyavu asianguke. Mwalimu Bukuru aliniangalia kwa muda, akaangalia miguu yangu iliyokuwa bado na magamba ya dagaa, kisha akatia alama kwenye daftari na kuendelea na jina lililofuata. Sijui alifikiri nini. Nilipomuuliza, siku chache baada ya mazishi, alisema alikuwa na njaa na hakutaka maneno mengi.

Nikawa Feza kila alasiri. Wengine walikuja wamechoka na jua, wanasinzia juu ya vitabu vyao, mimi nilikuja nikiwa na kiu. Nilijua herufi zote kabla wenzangu hawajamaliza kubishana kuhusu chaki. Nilisoma maandishi kwenye magunia, kwenye kuta za maduka, kwenye pande zote mbili za kiberiti. Wanawake waliacha kunicheka wakaanza kukaa karibu yangu, na akina mama wa makamo, watu wazima wenye wajukuu, walininong'oneza, "Feza, mama, hii ni nini?" Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuipunguza kwa kuieleza. Nyumbani nilimsimulia mama kila kitu, naye alisikiliza huku akipepeta mchanga kutoka kwenye fungu letu, akiniuliza maswali, lakini nilipotaka kumfundisha alisema mikono imechoka.

Mtihani ulipokuja Mwalimu Bukuru alikuwa na mpango, na alitueleza mimi na mama akiwa amesimama mlangoni, amekataa kukaa. Ningefanya mtihani. Ningefaulu. Halafu angechukua matokeo yangu, apeleke kwa mwalimu mkuu, aseme huyu hapa mtoto anayejua kusoma, mwingizeni darasa la tatu. Mama alimshika mikono yote miwili. Kati yetu watatu hakuna aliyefikiria jambo dogo, kwamba karatasi ya mtihani huandikwa jina, na jina lililo daftarini ndilo linaloandikwa. Siku yenyewe msimamizi alikuwa mgeni, alihesabu vichwa akaona vinatosha. Nilikuwa mrefu, na khanga mbili humfanya msichana yeyote aonekane mama wa mtu. Niliandika Feza Mulonda kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikaanza.

Cheti kilikuja baada ya miezi miwili, na Bi Tausi alikileta mwenyewe akipiga vigelegele tangu njiani. Mwanafunzi bora wa kata nzima katoka katika nyumba zake kumi. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akaniuliza jina lake ni lipi. Nikamwonyesha. Aliweka kidole chini ya neno Feza, kidole kilichopasuka kwa mchanga na jua, akakiacha hapo muda mrefu. "Ni mimi hii?" aliuliza. Mwalimu Bukuru aliingia wakati huo akitokea kwa mwalimu mkuu, na uso wake ulikuwa umepauka. Mwalimu mkuu aliyatazama matokeo akasema ni mazuri sana, anampongeza mama, sasa aletewe ya mtoto. Bi Tausi alipoondoka, kijana yule alikaa kwenye sanduku letu la bati na kutuomba radhi, na mama akamkatia ugali. Ndipo alipotoa habari ya pili. Mwanafunzi bora alitakiwa kusoma mbele ya mgeni rasmi, afisa elimu wa kutoka wilayani, siku ya sherehe. Zilibaki wiki mbili.

Ningependa kusema mama aliogopa, lakini alichofanya ni kukasirika. Alisema kama ameitwa msomi basi atasoma. Kila asubuhi, kabla dagaa hawajafika, tulikwenda ufukweni mapema mchanga ukiwa bado umelala sawa, nikachora herufi kwa kijiti, kubwa kama kikapu, na mama akazitembelea. Hivyo ndivyo alivyojifunza, kwa miguu: alitembea juu ya A, akageuka kwenye B, akazunguka O mara mbili akisema hii ni rahisi. Boti zikifika, tulitandaza dagaa juu ya somo. Alikuwa mwanafunzi mbishi. Kifungu alichopangiwa kilihusu kukausha samaki juu ya vichanja vya miti, na siku alipofaulu kukisoma chote alikaa mchangani akasema mwenye kuandika maneno haya hajaanika ndagala, yaani dagaa, hata siku moja. Lakini usiku wa kuamkia sherehe, naam, nilijua kwamba anasoma kweli. Nilijua pia maana yake. Mama akisoma vizuri, hakuna atakayeuliza kitu, barua ya Bi Tausi itabaki salama, cheti kitakuwa chake moja kwa moja, na mimi nitabaki na khanga mbili na alasiri za kuanua. Nilitaka asome vizuri. Na nilitaka, Mungu anisamehe, akwame.

Siku ya sherehe banda lilipambwa kwa makuti, na afisa elimu, mtu mnene mwenye suti ya kijivu ya kaunda, alikalishwa kwenye kiti cha Bi Tausi. Mama aliitwa. Alisimama mbele, akashika kitabu mbali na uso, na kabla ya kuanza miguu yake ilijongea kidogo ndani ya kandambili, kushoto, kulia, nami nikajua anaitembelea herufi ya kwanza. Alisoma. Alisoma polepole, kila neno likitoka limekamilika, mistari yote sita, na mwishoni akafunga kitabu akasema mambo ya vichanja ni mazuri lakini aliyeandika aje Ujiji aonyeshwe. Watu walicheka, afisa alicheka kuliko wote, akapiga makofi, Bi Tausi akafuta macho. Yote yalikuwa yamekwisha, salama salimini. Mama alitakiwa kukaa tu.

Hakukaa. Alisubiri makofi yaishe, akaniita niende mbele, akaniwekea mkono begani.

"Muheshimiwa, munisamehe," alisema. "Kusoma ninajua, lakini ni ya wiki mbili. Ile mtihani sikuifanya mimi. Mimi nilikuwa ku ndagala. Aliyefanya ni huyu mutoto, anaitwa Mwavita. Kama kuna makosa ni yangu, munirudishe ng'ambo mimi. Yeye mumupeleke ku masomo."

Mwalimu Bukuru alisimama, akasema aliyetia alama daftarini ni yeye. Kisha kiti kilichokuwa pembeni kikalia, na Bi Tausi akanyanyuka na unene wake wote.

"Na mimi nilijua," alisema. "Toka siku ya kwanza. Nyumba zangu hazipitwi na kitu. Nilinyamaza kwa kuwa kichwa kimoja kilikuwa kinasoma, na hesabu yangu ilikuwa ya vichwa. Hapa harudishwi mtu, mheshimiwa. Huyu ni mpangaji wangu."

Afisa elimu alinitazama. Akatoa mfukoni barua, barua yake mwenyewe ya kazini, ndefu, imejaa maneno ya serikali, akanipa. Nilisoma mpaka mahali alipokuwa akiombwa kufika Ujiji bila kuchelewa, naye alikuwa amechelewa saa mbili, na watu wakaanza kucheka chini kwa chini, akainyakua. Akasema mtoto huyu ataanza darasa la tatu Jumatatu, na anayetaka kubisha amwandikie. Kuhusu mama, alisema ameshasoma mbele ya macho yake, cheti hatakifuta, ila ahudhurie darasa tangu somo la kwanza, mwenyewe, kwa miguu yake. Mama alimjibu kwamba miguu ndiyo anayosomea. Afisa hakuelewa, lakini alicheka kwa adabu.

Jumatatu ile nilipita na sare niliyoshonewa kutoka kwenye pazia la Bi Tausi, na ufagio wangu. Mama alikwenda kisomo mwaka mzima. Wanawake wenzake ufukweni walipeana zamu za kumwanulia, jambo ambalo wangelifanya tangu mwanzo kama angeliomba, lakini hakujua kwamba mgeni anaruhusiwa kuomba. Alifanya mtihani wake, akafaulu kwa kujikokota, akapewa cheti cha pili. Vilikuwa viwili sandukuni, basi. Mwanangu alichagua chenye alama za juu.

Sikumsahihisha. Baada ya mazishi watu walipungua, mawese yakawa bado yananukia kutoka jikoni, na dirisha la chumba chake lilikuwa wazi, kwa sababu uzeeni aliacha kulifunga. Milima ya ng'ambo ilionekana. Mwalimu Bukuru alikuja kuniaga, akiegemea fimbo. Nilimwamkia, akaitikia, tukasimama pale mlangoni. Kisha alijinyoosha, akainua kidevu namna alivyokuwa akifanya juu ya lile daftari, akaita kwa sauti ya darasani:

"Feza Mulonda."

Sikufikiri. Nilijibu kama nilivyojibu kila alasiri ya mwaka ule.

"Nipo, mwalimu."